Barua ya Fundi Cherehani

Wiki ile ya uchaguzi nilikosa usingizi kwa furaha. Nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha nne, balozi wa nyumba kumi mtaani kwetu Kariakoo, na kila aliyetaka barua ya serikali alianzia kwangu. Chama kilikuwa kimoja, lakini wagombea ubunge walikuwa wawili, mmoja kapewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Kwenye kahawa watu walibishana kutwa.

"Jembe utalilimia wapi hapa, kwenye lami?"

"Na wewe nyumba unayo, mpangaji?"

Tulicheka mpaka vikombe vikamwagika.

Kura ya rais haikuwa na ubishi. Mgombea mmoja, Ndiyo au Hapana. Nami nilitaka nyumba zangu kumi zitoe Ndiyo tupu, nisifiwe kwenye tawi la chama.

Siku moja kabla ya kura, fundi cherehani wa nyumba ya pili alikuja kuomba barua apate leseni ya kushonea barazani. Bila leseni, mgambo wangebeba cherehani yake. Alikuwa rika la baba yangu. Nikamwamkia, nikashika kalamu.

"Kesho naweka Hapana, balozi," akatania. "Nione kama sanduku litalipuka."

Nikaweka kalamu chini.

"Barua utaipata ukishapiga kura, mzee."

"Kwani kura si siri, mwanangu?"

"Ni siri. Ila barua naandika mimi."

Akaondoka bila barua.

Asubuhi yake foleni ilizunguka shule nzima. Kina mama wamevaa khanga sare, vigelegele, redio zinaimba madirishani. Moyo ulinidunda kama siku ya harusi. Saa nne fundi alitoka kupiga kura, akanijia mbele ya majirani wote.

"Nimeweka Ndiyo."

Kweli au uongo, nisingeweza kujua. Nilifurahi tu kwamba amesema, na watu wamesikia. Nikamkabidhi barua, nikampigapiga begani, mimi, mtoto wa juzi. Akaikunja bila kuisoma.

Jembe lilishinda, tukacheza ngoma barabarani. Kesho yake nikapita barazani kwake, bado nina furaha. Cherehani ilikuwa inalia. Kabla sijafungua mdomo kumwamkia, akasimama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, balozi."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaitikia: "Marahaba."