Siri ya fundi Leodgar iliyofichwa darini

Saa nne kasorobo asubuhi, Leodgar Masolwa anafunga breki mbele ya nyumba moja ya Gongoni, mjini Tabora, lakini hashuki kwenye baiskeli. Anaikodolea macho pikipiki nyekundu iliyoegeshwa barazani, mahali ambapo kwa miaka kumi na tisa imekuwa ikiegeshwa baiskeli yake.

"Ile ni nafasi yangu," anasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyemkuta jirani amevaa shati lake kanisani.

Leodgar, mwenye umri wa miaka 51, mzaliwa wa Igalula, ni fundi wa kuunganisha. Televisheni ikiungua, haimhusu. Kazi yake ni kuikutanisha na deki, king'amuzi au spika, vifaa ambavyo kila kimoja kilizaliwa mwaka wake na kikaja na matundu yake.

"TV ya leo ina tundu bapa la HDMI. Deki ya zamani ina matundu matatu ya mviringo. Njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti," anafafanua. "Ni bibi wa Tura na kijana wa Dar. Bila mkalimani watatazamana tu."

Mkalimani huyo ni konveta, kisanduku kisichozidi kiberiti, ambacho Leodgar hukifunga kwenye leso na kukitoa kwa heshima zote.

Kwa nyumba moja hulipwa shilingi elfu tano. Siku njema hupata nyumba nne. Siku mbaya hurudi kwake Ipuli na vumbi la bure. Kwa kazi hiyo amesomesha watoto wanne, na hakuwahi kulala na kinyongo na mtu yeyote, mpaka alipokuja Twalibu.

Twalibu ana umri wa miaka 29, ni Mzaramo kutoka Kisarawe, na alifungua duka mjini hapa miaka miwili iliyopita. Ana bango linalowaka, anatoza elfu kumi na tano, na wateja wanamwita Injinia. Leodgar anaitwa fundi waya. Tena Twalibu huvaa glavu.

"Glavu," Leodgar anarudia. "Anachomeka deki, hampasui mtu."

Lililo gumu zaidi ni kwamba haruhusiwi kukasirika. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, mababu wa Leodgar walipobeba mizigo hadi pwani na mababu wa Twalibu wakapata nafasi ya kuwacheka. Mtani akikutukana, unacheka. Leodgar amecheka miaka miwili mfululizo, na anasema taya zinamuuma.

Leo ameitwa na mwenye nyumba hii, Bi Asmahani, mteja wake wa siku nyingi. Hakuambiwa kwamba atamkuta mwingine.

Bado yuko nje anaposikia mvumo ukitoka sebuleni, mzito, kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Anatulia. Anaujua mvumo huo. Hivyo ndivyo spika inavyolia picha inapoingizwa kwenye tundu la sauti. Anajua pia ni nani aliyeusababisha, na mtu huyo hayumo ndani ya nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Leo. Karibu. Usinune, huyu kaletwa na mwanangu wa Dodoma, aliyeninunulia hii TV. Kampata kwenye simu."

Twalibu ameketi kwenye mkeka, glavu mikononi. "Mpagazi kafika," anasema. "Mzigo umeuweka wapi?"

"Umekalia wewe, mla mihogo," anajibu Leodgar, na anacheka kama desturi inavyotaka.

Tatizo ni hili. Bi Asmahani ana kanda ya harusi ya binti yake, ya mwaka 1999, ambamo marehemu mumewe anatoa wasia kwa bibi harusi. Hakuna mahali pengine sauti ya mzee huyo iliporekodiwa. Kesho wajukuu wanakuja kutoka Isikizya kumsikia babu ambaye hawakumjua.

Deki ya kuchezea kanda hiyo imefungiwa chumbani kwa kufuli, kwa usalama wake, kwa kuwa mjukuu mmoja aliwahi kuilisha chapati. Waya zake zinapita darini na kushukia sebuleni, na zilipitishwa huko na Leodgar mwenyewe. TV ya zamani ya kichogo ilipoondoka, Twalibu akaleta konveta, akachomeka njano kwenye njano, nyeupe kwenye nyeupe, nyekundu kwenye nyekundu. Kanda ilipowekwa, kioo kikawa cha bluu na spika ikavuma.

"Deki imekufa, mama," anasema Twalibu. "Hiyo ni sauti ya roho ikitoka. Mimi naibeba, nitoe vipuri. Kanda iwe kumbukumbu."

Bi Asmahani haoneshi kuridhika, ila ufunguo wa chumbani tayari uko mkononi mwake.

Leodgar anajaribu njia ya amani. "Mtani, nenda kashughulike na wateja wako. Mimi nitaiangalia kidogo."

"Nina nafasi mpaka adhuhuri," anasema Twalibu. "Nataka nione Mnyamwezi akifufua maiti."

Leodgar anasimama mbele ya TV kwa muda ambao, kwa mtu mwenye waya tatu tu, ni mrefu mno. Akinyamaza, deki itaondoka na sauti ya mzee. Akiunganisha, wataona.

Anainama. Anachomoa zote. Anachukua nyekundu na kuichomeka kwenye njano.

Kioo kinatetemeka, mistari inapita, kisha mzee wa kofia nyeupe anatokea akirekebisha kipaza sauti. Leodgar anachomeka mbili zilizobaki. "Binti yangu," anasema mzee, "huko uendako usiwe mwepesi wa kuhesabu makosa."

Bi Asmahani anaketi chini polepole. Kanda inapofika kwenye pilau, bibi anaifuta miwani yake, anatazama nyuma ya TV, kisha anamtazama fundi.

"Leo. Njano ndiyo picha. Ulinifundisha wewe. Kila Idd tukipaka rangi nyumba nazivuta zote kwa mpigo bila kuangalia, nazirudisha rangi kwa rangi, na kila Idd inakataa, nakuita wewe."

"Ndiyo, mama."

"Sasa mbona nyekundu?"

Leodgar anaeleza akiwa ameangalia sakafu. Zamani, kabla ya nyumba hii, mteja wake mmoja alimwita fundi mwingine, ambaye alifuata rangi akamaliza kwa dakika mbili. Wivu ukamkaba. Tangu hapo, kila alipopitisha waya darini alizikata huko huko na kuziunga upya kwa kupishanisha: njano inaingia upande mmoja, inatokea nyekundu upande wa pili. Mpangilio wa kila nyumba ameuweka kichwani.

"Niliona rangi ndizo zinazotuharibia kazi," anasema.

Twalibu anavua glavu. Mtani aliyepewa nafasi kama hii angeweza kuitumia mpaka uzeeni, lakini anauliza tu, "Nyumba ngapi?"

"Arobaini na tatu."

"Mzee baba," anasema Twalibu. Leodgar anakiri baadaye kwamba heshima iliyokuwemo kwenye sauti ile ilimkera kuliko matusi yote.

Bi Asmahani ndiye anayemjibu. "Miaka kumi na tisa nilidhani nakuita kwa sababu unajua kazi. Kumbe umenifunga kamba."

"Nisamehe, mama."

"Ningekuita tu, Leo," anasema. "Sasa sijui."

Siku hiyo hakulipwa, naye hakudai. Alipanda darini akazinyoosha waya zote, njano ikatokea njano, Twalibu akimshikia ngazi na kumwambia asikanyage palipooza, kwa kuwa Wanyamwezi wamezoea kutembea ardhini.

Tangu wakati huo Leodgar anazipitia nyumba zake moja moja, na amekwisha kufikisha kumi na moja. Anapanda, anarekebisha, anamwambia mwenye nyumba ukweli, anashuka. Wawili wamecheka. Mmoja, Mama Agnetha wa Cheyo, alimwondolea ngazi akiwa bado juu.

Twalibu amejitolea kumzungusha kwa pikipiki ili kazi iishe upesi. Leodgar amekataa.

"Azijue nyumba zangu zote? Hapana," anasema akikaza mfuko wa waya kwenye keria. Ana mpango wa kumaliza kabla ya Idd, kisha akae nyumbani na simu mapajani wakati watu wanapaka rangi na kuchomoa waya zao. Safari hii yeyote anaweza kuzirudisha mwenyewe.

"Atakayenipigia siku hiyo, huyo ndiye mteja wangu," anasema. "Hata akiwa mmoja. Ila namwomba Mungu awe Bi Asmahani."