Uzi wa Juu, Uzi wa Chini

Mara ya kwanza mama yangu kucheka baada ya vita, alichekeshwa na msichana ambaye hakuwa binti yake. Nilikuwa nimekaa pembeni yao, mkeka mmoja, nikiwa na mkasi mkononi, na kicheko kile kilinichoma kama maji ya moto.

Sisi ni Wanubi wa Jinja, wajukuu wa askari waliotoka Sudan zamani. Baba alikuwa dereva wa jeshi, na tulikaa karibu na kambi ya Kimaka. Serikali ya kijeshi, iliyojaa watu wetu, ilipoanguka, hayo mawili yalitosha kututia mashakani. Baba alitangulia kaskazini na lori, akasema atatuma habari. Habari haikuja. Siku majirani walipoanza kusimama nje ya ua wetu wakihesabu madirisha, mama aliniambia nifunge nguo upesi. Yeye mwenyewe hakufunga hata kanga. Alichukua kopo la biskuti alimoweka nyuzi zake za cherehani, akalizungushia leso, akalikumbatia hadi Mbale kama mtoto mchanga. Cherehani yenyewe tuliiacha imefunikwa shuka. Nilikuwa na miaka kumi na sita.

Tulifikia mtaa wa Nabuyonga, kwa dada yake mama. Mimi nilimwita Mama Mkubwa. Mtaa mzima ulimwita Hajati, kwa kuwa alishakwenda Makka enzi za uhai wa mumewe. Alikuwa na cherehani mbili barazani, za kukanyaga kwa mguu, na kazi yake ilikuwa mifarishi. Juu vipande vya nguo vilivyounganishwa, katikati blanketi kuukuu au pamba, chini bitana ya kitambaa kizima, kisha vyote vitatu vinapigwa mistari ya cherehani mpaka viwe kitu kimoja. Wateja waliita blanketi la vipande tu. Miaka ile maduka yalikuwa na rafu na vumbi, basi, na baridi ya Mbale inayoshuka kutoka mlimani haisubiri bidhaa. Watu walileta magauni yaliyochanika, mapazia, suruali za marehemu, na Hajati akawatengenezea cha kujifunika.

Mama, ambaye Jinja alikuwa fundi wa kusifiwa, hakuigusa cherehani. Alikaa mlangoni. Maneno yake yalikuwa ndiyo, hapana, nimeshiba. Nilimletea chai, nilimsuka nywele, nilimsimulia hadithi za kitoto ambazo zamani zilimvunja mbavu. Miezi minne. Alinitazama kama mtu anayetazama barabara.

Yule msichana alikuwa Mgisu, binti wa wakulima wa kahawa huko mlimani, amenizidi miaka miwili. Mama yake alimleta kwa Hajati ajifunze kushona, na siku za kazi alilala hapo hapo, chumba kimoja nami. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, na mimi nilikicheka waziwazi. Lakini huko nje mambo yaligeuka. Kiswahili fasaha kama chetu, siku zile, kilikuwa kama kuvaa sare ya jeshi lililoshindwa: watu walikisikia wakageuka kukutazama. Kwa hiyo sokoni mimi nilinyamaza kama bubu, na yeye ndiye aliyesema, kwa Kigisu chake, akicheka na wauza nguo, akirudi na vipande ambavyo mimi nisingepewa. Hajati alimsifu kila aliporudi. Mimi nilibeba mzigo.

Siku ya kicheko ilikuwa hivi. Tulikuwa na mfarishi wa vipande vyekundu, vya kijani na vya zambarau, na Hajati hakuwa na nyuzi ila nyeupe, nyeusi, na zile za kijani cha jeshi ambazo hakuna aliyethubutu kuzitumia. Msichana akasimama, akaenda moja kwa moja hadi mlangoni.

"Mama," akasema, "wewe iko na uzi gani kwa ile kopo?"

Nilishtuka. Mimi sikuruhusiwa hata kulitikisa kopo lile. Mama alimtazama kwa muda, kisha akafungua leso. Rili za uzi zikamwagika mkekani: bluu za aina nne, hudhurungi, rangi ya mchanga, rangi ya ngozi ya embe, waridi iliyofifia. Msichana akachutama. Hakuchagua kwa kutazama rili. Alivuta uzi mmoja mmoja, shubiri moja, akaulaza juu ya vipande, akaurudisha, akavuta mwingine.

"Hii uzi ikiwa kwa rili inasema uongo," akasema. "Iko nyeusi. Ukilaza peke yake, inakuwa nyeupe kidogo. Lazima uchukue ile imeiva zaidi."

Mama akacheka. Alicheka kabisa, mpaka akafuta macho. "Nani kakufundisha?"

"Hakuna, mama. Mimi naona tu."

"Mimi ilinichukua miaka sita kuona hivyo," mama akasema. Hiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote tangu tuondoke Jinja.

Kuanzia siku ile mama alihama mlangoni, akahamia kando ya cherehani ya yule msichana. Alitufundisha sote wawili, ndivyo alivyosema, lakini macho yake yalikuwa upande mmoja. Alitueleza jinsi cherehani inavyoshona kwa nyuzi mbili, wa juu unaopita kwenye sindano na wa chini unaotoka kwenye bobini, na jinsi zinavyokamatana katikati ya kitambaa. Kwenye gauni jepesi zinakutana pazuri. Kwenye mfarishi, kwa ule unene, mmoja humvuta mwenzake, na uzi wa chini huchungulia juu kwenye kila tundu linalotobolewa na sindano. "Kwa hiyo," akasema, "msichague uzi wa chini kwa ajili ya bitana. Uchagueni kwa ajili ya uzi wa juu. Zifanane." Mimi nilielewa mara moja. Nilitaka aone kwamba nimeelewa. Alikuwa anamtazama mwenzangu akijaza bobini.

Kisha ikaja kazi ya bibi harusi. Mama wa binti huyo, jirani Mwislamu mwenye duka, alileta vipande vya rangi ya manjano, ya maziwa na ya samawati, na bitana ya bluu nzito iliyokuwa pazia. Msichana alichagua uzi wa rangi ya mchanga juu, na huo huo chini. Hajati alisita kidogo, mistari ya mchanga kwenye bitana ya bluu itaonekana, lakini mama akasema mwacheni. Msichana akapiga mistari miwili. Asubuhi iliyofuata akaja ndugu yake kutoka mlimani: mjomba wao amefariki. Msichana akafunga kitambaa kichwani, na kabla hajatoka akanishika mkono.

"Dada, malizia. Chini weka hii hii. Usiweke bluu."

Nilimsikia vizuri sana.

Siku ile mama alikuwa na homa, amelala ndani, na Hajati alikwenda matangani mtaa wa pili. Nilibaki peke yangu barazani na mfarishi ule. Nikaugeuza, nikaitazama mistari yake miwili kwenye bitana, nikajiambia ni mibaya. Nikajiambia kila mtu ataona kwamba mimi ndiye mwenye jicho. Moyoni nilijua kuna jambo jingine: nilitaka chaguo lake liwe kosa. Nikajaza bobini uzi wa bluu, nikakanyaga tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kuinua kichwa.

Nilipoutandaza juani niliona. Kwenye vile vipande vya maziwa na manjano, kila mstari ulikuwa na vidoa vya bluu, vidogo, maelfu, kama inzi waliotua kwenye wali. Ningeweza kuukunja na kuanza kufumua. Lakini Hajati alikuwa tayari anaingia langoni.

"Nani kasema uweke bluu?" akauliza.

"Yeye," nikasema. "Ndivyo alivyoniagiza."

Hajati alikasirika kwa sauti, mama akatoka ndani, amejifunika kanga. Aliugeuza mfarishi, akapitisha kidole juu ya bitana, mstari baada ya mstari wa bluu, mpaka akafika kwenye ile miwili ya mwanzo, ya mchanga. Kidole kikasimama. Akanitazama, akarudi kulala.

Siku nne baadaye msichana alirudi, macho yamevimba kwa kilio cha msiba. Hajati hakungoja hata aketi. Alimtandazia mfarishi miguuni, akamwuliza kama hiyo ndiyo akili yake aliyokuwa anasifiwa. Msichana aliutazama. Akanitazama mimi. Kisha nikaona macho yake yanakwenda kwa mama, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda.

"Pengine mimi nilisema vibaya, Hajati," akasema. "Kiswahili yangu mbaya."

Kile Kiswahili nilichokicheka akakifanya ngao, akanifunika nacho. Akachukua wembe, akakaa chini, akaanza kufumua. Nami nikachukua wembe mwingine, kwa kuwa mama alikuwa anaangalia. Tulifumua siku mbili, magoti yetu yamegusana, na hakunilaumu hata kwa mguno. Mtu angedhani nilishukuru. Wapi! Nilimchukia zaidi. Mpaka siku ile nilikuwa nimeuonea wivu mkono wake na jicho lake. Sasa nikauonea wivu hata wema wake, kwa sababu mimi nisingeuweza.

Tulipomaliza kuushona upya, mama aliingia ndani akatoka na kopo la biskuti. Alilishika kwa mikono miwili, akampa msichana. "Hizi ni zako, binti yangu." Nilikuwa nimetarajia kupigwa. Kupigwa kungekuwa nafuu.

Mwaka uliofuata msichana aliolewa na kijana aliyepata kazi kwenye kiwanda cha nguo Jinja, akaondoka. Mama alirudi kukaa mlangoni, ingawa sasa alizungumza. Nilidhani nitafurahi. Nilikuwa nimebaki peke yangu naye, kama nilivyotaka, na kila nilipochagua uzi niliona anautazama kwa muda kidogo zaidi ya inavyohitajika, kana kwamba anaulinganisha.

Serikali zilibadilika, zikabadilika tena, vita vikahamia kwingine, na watu wetu wakaanza kurudi Jinja mmoja mmoja. Mama naye akataka kwao. Nyumba yetu tuliikuta ina watu wengine, watoto wao wanacheza uani petu, na hatukuwa na nguvu ya kugombana. Tukapanga chumba kwenye njia ya Budondo. Nikashuka mjini kutafuta kazi ya cherehani.

Sokoni, kwenye kibanda cha pembeni, kulikuwa na mfarishi umetundikwa. Niliushika upindo nikaugeuza nyuma kabla hata sijautazama mbele. Bitana nyeusi, uzi wa chini hudhurungi, sawasawa na wa juu. Nilijua ni wa nani. Nikataka kuondoka, lakini alishaniona juu ya cherehani yake. Zilikuwa tatu sasa, na wasichana wawili wakimfanyia kazi.

"Dada!" akasimama. "Mama yuko wapi?"

Swali la kwanza lilikuwa hilo. Hakuniuliza mimi hali yangu. Niseme kweli, nilikaribia kumwambia amekufa.

Nilimwambia yu hai, na kesho yake nikampeleka. Walishikana pale mlangoni muda mrefu, na mimi nikaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji. Baada ya wiki nilikuwa nafanya kazi kibandani kwake. Siku moja ya mvua, wale wasichana wawili hawakuja, nikamwambia kuhusu uzi wa bluu. Nilimwambia yote, hata yale ya moyoni.

Hakuacha kukanyaga. "Mimi najua. Nilikasirika mwaka mzima."

"Kwa nini hukusema?"

Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Mama yako aliona ile mistari miwili. Mimi niliona kwamba yeye ameona. Nikafikiri, nikinyamaza, huyu mama atanipenda kuliko wewe." Akaukata uzi kwa meno. "Na ikawa hivyo. Sasa na mimi nimesema. Nipe ile nyekundu."

Nilimpa ile nyekundu. Sikujua nicheke au nilie. Miaka yote nilikuwa nimeupigia magoti wema ambao nusu yake ulikuwa ujanja, ujanja ule ule niliokuwa nao mimi, ila yeye alikuwa stadi zaidi. Hata hapo alinishinda.

Tumefanya kazi pamoja tangu siku hiyo. Mama alikuja kibandani karibu kila siku, akaketi katikati yetu, akitubishia rangi zetu sote wawili mpaka miguu ilipomkatalia. Wateja hadi leo huja wakamwuliza mwenzangu kwanza, na mimi hadi leo huwahesabu.

Mama alipofariki, wanawake wa kwetu tulikusanyika kumwosha. Mwenzangu ni Mkristo, hakuingia. Alibaki nje ukutani, amejifunga kanga ambayo mama alimpa, na mlango ukafungwa mbele yake. Nilimwagia mama maji kwenye bega la kulia, nikafurahi. Nasema jambo hili kama lilivyokuwa. Siku ile ya msiba wangu mkubwa nilifurahi kwamba kuna kitu kimoja cha mama ambacho ni changu mimi, na yeye hatakigusa.

Baada ya arobaini nilimwambia na hilo pia. Alikunjua kitambaa kilichokuwa kimekwisha kukunjuliwa. Kisha akaniuliza uso wa mama ulikuwaje, na mikono yake, kama vidole vilikuwa vimelegea au vimekaza. Nikamsogezea kiti, nikamweleza yote, polepole, mpaka chai yetu ikapoa.