Kabla ya Kuhamia Kavumu

Siku niliyopelekwa Kavumu mara ya kwanza bado naiona, mwanangu. Nilikuwa na mimba ya kwanza. Mjini Bukavu mwenye nyumba alikuwa ametupandishia kodi tena, na mume wangu alitaka tujenge kibanda kwenye mteremko wa Kadutu, mahali ambapo mvua ilikuwa imeshaangusha nyumba za watu. Mama mkwe wangu, Bibi Zaina, muuza vitenge kutoka Uvira, akakataa. Akanichukua, tukapanda basi la kwenda Kavumu, kaskazini mwa mji.

Njia nzima niliona ananitoa mjini na kunitupa porini.

Tulionyeshwa kiwanja kikubwa chenye migomba, mbali kidogo na barabara. Moyo wangu ukalainika. Yeye hakukitazama sana. Alimwendea mama mmoja aliyekuwa akipalilia maharagwe jirani, akamsalimia taratibu, akaanza kuuliza: maji mnachota wapi, magari yanasimama wapi, mvua ikinyesha njia inakuwaje? Mimi nilidhani ni udadisi wa wazee tu. Mwisho akauliza, "Maman, mwanamuke akishikwa na uchungu, munamufikisha namna gani kwa maternité?"

Yule mama akaacha jembe. "Dada yangu hakufika," akasema. "Njia ilikuwa matope tupu."

Bibi Zaina akaketi naye chini, akampa pole. Kisha akatafuta kiwanja kingine, chembamba, kando ya barabara kuu, karibu na kituo cha afya. Nilinung'unika, tukajenga hapo. Lakini mvua zilipokuja nilikwenda kujifungua kwa miguu yangu mwenyewe, na binti yangu akalia kabla baba yake hajarudi kutoka kazini.

Wengine walioshindwa na kodi za mjini wakatufuata: fundi mbao, mwalimu, muuza saruji. Tulipokuwa wengi ndipo njia zikaanza kutengenezwa, hata ile ya kwa mama wa maharagwe. Mpaka leo najiuliza: tungebaki sote mjini, nani angeikumbuka?

Sasa nasikia kodi imekushinda nawe, unatazama kaskazini. Nenda, mwanangu, si aibu. Ila usichague kwa macho peke yake. Keti na waliokutangulia, uliza maji, uliza wagonjwa wanapita wapi, na usikilize jibu mpaka mwisho. Ukishahamia, shida ya njia yao iwe yako pia.

Mungu akupe ardhi isiyoporomoka, majirani wa kweli, na watoto wako wazaliwe salama.