Karanga Mia Tisa Tisini na Saba

Jamani, aibu hii nimeikwepa muda mrefu, lakini kwa kuwa nusu ya Sumbawanga inaijua, afadhali muisikie kwa mhusika mwenyewe kabla hawajaiongezea chumvi.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na ugonjwa wangu ni namba tasa (zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe). Sasa siku ya wazazi nikataka kuwaonyesha kuwa hesabu ni tamu, nikapanga kuleta punje 997 za mahindi, maana 997 ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote zilizo chini ya elfu: uzipange mistari miwili, mitatu au kumi, mistari hailingani ng'o! Asubuhi nikatoka mbio bila hata chai, mahindi nikayasahau, nikasema si neno, nikapitia Majengo nikanunua karanga za kukaanga. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Nikazihesabu kwa makini, nikazimwaga mezani, nikashika kipaza sauti. Wazazi wanapiga miayo. Ili kuwachangamsha nikaropoka: "Atakayezipanga mistari iliyo sawa bila kubakiza hata moja, anachukua baiskeli yangu!" (Na hiyo baiskeli ndiyo inayonifikisha kazini, nakaa mbali, na baridi yetu ya asubuhi mnaijua.)

Mama Sekunda, mkulima wa ulezi, akainuka na wenzake wawili.

"Shikamoo mama, karibu ujaribu."

"Marahaba mwanangu. Tuko watatu, tutachukua moja moja, kila mtu na mstari wake."

"Kwa tatu? Itabaki moja, mama, nawaonea huruma!"

Wakaanza. Mimi huku nazunguka meza natamba, naeleza kwamba ziko namba tasa ndefu hata daftari zima halitoshi kuziandika, na kwamba hazina mwisho, ukishika kubwa ipo kubwa zaidi. Wazazi wakaanza kucheka, nami nikajua nimewapata, nikazidi kunogesha. Mezani zikabaki karanga tatu. Kila mama akachukua yake. Meza nyeupe!

"Haiwezekani!" nikapiga kelele kwenye kipaza sauti. "Mia tisa tisini na saba haigawanyiki kwa tatu!"

"Haigawanyiki kweli, mwalimu," Mama Sekunda akasema kwa upole, "ila moja umeitafuna mwenyewe ukituhubiria. Wote tumekuona."

Loo! Ulimi ukapita kwenye jino, nikakuta kipande cha karanga. Ukumbi ukalipuka, mkuu wa shule akacheka mpaka akavua miwani, wazazi wakaimba "Baiskeli! Baiskeli!" Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaitoa, nifanyeje?

Jumatatu nikafika darasani nimechelewa, vumbi mpaka magotini, nikauliza namba tasa ni nini. Mikono yote juu, hata ya wale wasinziaji wa nyuma.

"Ni namba ambayo mwalimu akila moja, anatembea kwa miguu!"

Nikacheka mpaka machozi. Lakini nimeapa: hesabu zangu sasa ni kwa kokoto tu.