Kogo Aliyepiga Chafya Kwenye Chumba cha Mitambo

Cheka ukitaka. Hata mimi ningecheka kama haya yangempata mtu mwingine. Lakini yalinipata mimi, na mama yangu mzazi alikuwa nje ya mlango siku hiyo, kwa hivyo siwezi kuongeza chumvi hata kidogo. Na kama unangoja nikuambie ilikuwa usiku wa manane, utanisamehe. Ilikuwa mchana, huko kijijini Ziwa, mvua ikipiga mabati mpaka husikii mwenzako.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Naishi Kimumu, na wakati huo nilikuwa na mdomo sana. Kituo cha maziwa cha Ziwa kilinipa kazi kwa sababu mama alienda akaniombea. Yeye mwenyewe hupeleka maziwa yake hapo. Kuna kompyuta inayoendesha tangi la kupozea. Kompyuta ikikataa, tangi nalo linakaa tu, maziwa yanaharibika, na wakulima wote wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Aliyepanga hiyo mitambo ni dada mmoja wa hapo, Jemutai, ambaye siku hizi yuko ng'ambo. Aliandika moduli yake mwenyewe, yaani kile kipande cha programu ambacho kompyuta hukiita inapowaka, ndio iweze kuongea na tangi. Akakipa jina Tapkigen. Sasa mimi kuona hilo jina kwenye skrini nikaona aibu. Wakaguzi watoke mjini, wakute jina la nyanya ya mtu katikati ya mitambo? Asubuhi hiyo nilikuwa nasasisha mfumo, basi nikabadilisha na jina. Nikaweka la Kizungu, refu, la kuonyesha nimesoma. Nikawasha upya.

Kompyuta ikaita moduli zote, moja baada ya nyingine, na zote zikaitika. Kufika kwa hiyo yangu, kimya. Ikaandika kwamba imeshindwa kuipakia, ikasimama hapo.

Niamini, nilijaribu yote ninayoyajua. Nilisoma kumbukumbu za mfumo mstari kwa mstari. Niliijenga moduli upya ilingane na kerneli mpya, yaani ule moyo wa mfumo. Nilirudisha kerneli ya zamani. Wapi! Jemutai nilimpigia, simu haikuingia. Wakulima walikuwa wamekaa nje chini ya mabati na mikebe yao, mama akiwa kati yao, na kila mara mwenyekiti wa kituo, mzee mpole sana, anachungulia kuuliza kama bado. Maziwa yalikuwa yameanza kupata joto. Jasho lilinitoka na ile baridi yote.

Hapo ndipo niligeuka nikaona kogo, yaani nyanya kwa Kinandi, amekaa nyuma yangu.

Mama mzee kabisa, masikio yake yametobolewa na kuvutwa kama ya wazee wa zamani, shuka begani. Nilidhani ni mkulima amekimbia mvua. Alikuwa ananuka moshi wa jikoni. Akaniuliza kwa Kinandi, taratibu, hapa tunamwita nani. Nikamjibu kwa mkato kwamba hatuiti mtu, tunatengeneza mashine. Akauliza tena, kwani hilo jina ninaloliita ni la nani.

Na mimi, mtoto wa kulelewa na adabu, unajua nilimwambia nini?

"Kogo, toka nje. Unanuka moshi, na hapa si jikoni."

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angenitukana. Alivuta shuka juu ya kichwa, akasimama kwa shida, akasema, "Mwite kwa jina lake, mjukuu." Akatoka kwenye mvua.

Nilibaki nikisonya. Lakini sikuwa na kitu kingine cha kujaribu, si ndiyo? Nikafuta Kizungu changu, nikarudisha lile jina, nikawasha. Kumbe programu ya tangi ilikuwa inangoja jina hilo hilo, na mimi sikuwahi kufikiria kwamba jina linaweza kuwa shida. Mistari ikapita. Ikafika kwa Tapkigen.

Nyuma yangu mtu akapiga chafya.

Tangi likaanza kunguruma. Niligeuka, hakukuwa na mtu. Nywele zilinisimama, kwa sababu sisi Wanandi tunajua maana ya hiyo chafya. Mtoto akizaliwa, akina mama wazee humwitia majina ya waliotangulia, moja moja, na jina akilipigia chafya, basi huyo ndiye amerudi. Mimi mwenyewe niliitiwa hivyo. Nilijua haya yote, na bado nilifuta jina la watu kwa sababu ya wageni.

Nilitoka nje nikauliza yule kogo amepitia wapi. Wote walikuwa wamekaa mlangoni. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyetoka. Mwenyekiti akaniuliza anafanana vipi. Nikamweleza masikio, shuka, moshi. Akavua kofia.

"Huyo ni Tapkigen, nyanya ya Jemutai. Tulimzika kitambo. Alikwambia nini?"

Nikasema. Na kwa sababu mama alikuwa ananitazama, nikasema pia nilichomwambia. Hakuna aliyenicheka. Walichukua mikebe yao wakaondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyenipa mkono.

Maziwa yalipona. Kazi bado ninayo, na kompyuta haijawahi kusumbua tena. Ndio maana nakwambia: ukikuta jina mahali usipolitarajia, uliza kwanza ni la nani kabla hujalifuta. Na mzee akiingia kwako akinuka moshi, mpe kiti.

Mama hakunigombeza. Tulitembea naye hadi nyumbani kwake, mvua imeisha, matope kila mahali. Alipofika mlangoni akavua gambuti zake, akaniuliza bila kuniangalia:

"Na mimi nikifa, siku nikija kukuona, utaniambia nanuka moshi?"