Kinyozi Khoat na Mgeni wa Miaka Saba

Khoat ni kinyozi wa kando ya njia pale Hanoi, na kama hujawahi kunyolewa naye, kichwa chako bado hakijui raha. Mali yake ni kiti kimoja, kioo kimoja kinachoning'inia kwenye msumari wa ukuta wa shule, na mdomo usiofungwa hata kwa kufuli. Kwa miaka thelathini na moja kioo hicho kilikosekana msumarini siku mbili tu. Ya kwanza ni siku aliyooa. Ya pili ni Jumapili ile ya mwezi wa saba, siku moja baada ya mdogo wake Tuyen kuteremka kwenye ndege kutoka Warsaw na mkewe Lien na binti yao wa miaka saba, Diep.

Shida yote ililetwa na ule mdomo. Miezi mitatu nzima, kila aliyekaa kwenye kiti alipewa habari za Diep pamoja na wembe.

"Kazaliwa Ulaya, ndiyo, lakini Kivietnam chake? Mtangazaji wa redio akasome!"

Wala Khoat hakuwa amewahi kumsikia mtoto huyo akisema hata neno moja. Wakipiga simu ya video, Diep alionyesha nywele tu. Maneno yakazunguka kichochoro kizima mpaka yakamfikia mama yao Khoat na Tuyen, Bibi Nhan, mwenye miaka themanini na minne na macho yaliyofifia kiasi cha kusalimia kabati.

"Vizuri," akasema bibi. "Basi Jumapili mchana atanikaribisha chakula yeye mwenyewe. Uso wake sitauona, sauti nitaisikia. Asiponikaribisha, vijiti vya kulia sivigusi."

Kwao mdogo hatii kitu mdomoni kabla hajawakaribisha wakubwa, mmoja mmoja, kuanzia aliyemzidi kila mtu umri. Na Bibi Nhan akisema hali, hali. Siku ya harusi ya Khoat alishinda na njaa kwa sababu bibi harusi alimruka.

Kwa hiyo tangu saa kumi na moja alfajiri Khoat alikuwa na kazi ya kumfundisha mtoto. Wageni wenyewe hawakuwa wamelala. Usiku kucha macho makavu, na sasa kunakucha ndio wanaanza kusinzia, kwani kwao Warsaw ni usiku wa manane.

"Twendeni tukatembee," akawaambia. "Jua la Hanoi litawafukuza usingizi kama nzi."

Ziwani wanawake wazima walikuwa wakicheza kwa mapepeo mekundu. Lien akakaa kwenye benchi ili awatazame, akalala papo hapo, mdomo wazi. Wakamwamsha, wakaenda kunywa supu ya tambi, na huko Khoat akamweka Diep mbele yake.

"Haya, mama. Sema: karibu baba mkubwa, ule."

Diep akamtazama kutoka utosini hadi kwenye ndala, kisha akamnong'oneza baba yake kwa Kipolandi. Tuyen akacheka hadi tambi zikamtoka.

"Kasemaje?"

"Anauliza, mbona wewe ndiye mkubwa na unaniishia begani?"

"Mwambie nimekutangulia miaka tisa! Mwambie mimi ndiye niliyekutawaza ukiwa mchanga!"

Diep alielewa kila neno. Alitabasamu ndani ya bakuli.

Wakafika barabarani. Tuyen, aliyezaliwa hatua mia mbili kutoka pale, akasimama ukingoni kama nguzo ya umeme huku pikipiki zikipita kwa mamia.

"Mtoto wa mtaa huu huyu!" Khoat akapiga kelele. "Anasubiri zimalizike!" Akamshika mkono, akamvusha polepole bila kusimama, mbele ya bibi muuza ndizi aliyecheka bila haya.

Akawanywesha kahawa nzito, vikombe vitatu vitatu. Tuyen akalala kijiko kikiwa mkononi, Lien akalala begani kwake. Khoat akabaki na mtoto, na saa tatu imeshapiga.

Akaona maelezo hayasaidii. Akasimama katikati ya njia, akainama mbele ya muuza mikate: "Karibu mama wa mkate, ule!" Akamgeukia polisi wa pale njia panda: "Karibu afande, ule!"

"Khoat," polisi akasema, "umelewa mapema hivi?"

Hapo Diep akacheka kwa sauti. Neno, hata hivyo, hakutoa. Walipowaamsha wazazi na kuanza kurudi nyumbani, alilala shingoni kwa Khoat, udenda ukimchuruzikia ndani ya kola.

Saa sita mkeka ulikuwa tayari: kuku wa kuchemsha, nem, yaani mikunjo ya nyama ya kukaanga, mchicha, wali. Wateja wawili walijipitisha mlangoni, ati wanatafuta paka. Diep alikuwa amelala fofofo karibu na goti la bibi yake. Khoat akanyoosha mkono amwamshe.

"Mwache," akasema Bibi Nhan.

"Mama, chakula kinapoa."

"Kipoe."

"Mtangazaji wa redio kaenda mapumziko?" sauti ikauliza mlangoni, na vicheko vikafuata.

Bibi hakula, kwa hiyo hakuna aliyekula. Tuyen na Lien wakasinzia wakiegemea kabati. Watafuta paka wakachoka, wakaenda zao. Khoat akatazama mikono ya mama yake, imelala mapajani, myembamba, bila vijiti. Tumbo lake la kizee likanguruma.

"Mama," akasema chini chini, "nilidanganya. Sijawahi kumsikia akisema."

"Najua. Ulipokuwa na umri wake ulimwambia mwalimu kwamba baba yako ni rubani. Alikuwa akiziba pancha."

"Sasa mbona ukanibana?"

"Usipobanwa na majigambo yako hufanyi kazi. Umemfundisha?"

"Nimejaribu."

"Basi tungoje."

Saa nane, wakati huko Warsaw watoto wanakula mkate wa asubuhi, Diep akafumbua macho. Akaona nem, akanyoosha mkono. Mkono ukasimama hewani. Akatazama watu waliolala, akamtazama bibi.

"Karibu bibi, ule."

Bibi Nhan akainamisha sikio. "Nani huyo?"

"Diep."

Kisha, kama mtu aliyekumbuka kazi yake: "Karibu baba, ule. Karibu mama, ule." Wote wawili wakikoroma. Sauti ikapanda: "Karibu mama wa mkate, ule! Karibu afande, ule!" Mwisho kabisa, baada ya polisi, akamwonea huruma kinyozi. "Karibu baba mkubwa, ule."

Bibi Nhan akavipapasa vijiti, akaibana nem iliyopoa, akaitafuna taratibu kwa meno yaliyobaki. Khoat naye akashika vijiti.

"Khoat," bibi akasema, "kesho chakula cha mchana ni saa ngapi?"

"Saa sita, mama, kama siku zote."

"Fanya saa nane."