Miwani ya Baba Mkwe

Kwa miaka yote ya mwanzo ya ndoa yangu sikuwahi kumtazama baba mkwe usoni. Kwetu Unyakyusa, mke humkwepa baba wa mumewe. Akisikia kikohozi chake njiani huingia kwenye migomba, hujitanda kanga na kungoja apite. Hawali pamoja wala hawaongei. Wageni hudhani ni chuki. Mimi nilijua ni heshima, ila heshima yenye kuchosha, hasa siku ya mvua.

Sasa nilihitaji neno la mtu huyohuyo. Nilikuwa nafundisha fizikia sekondari pale Tukuyu, nikapata nafasi ya kusoma ng'ambo. Mwanangu ndiyo kwanza alikuwa ameacha ziwa. Mume wangu aliniunga mkono, lakini mtoto angebaki kijijini Masoko kwa babu na bibi yake, na bila ridhaa ya babu hapakuwa na safari.

Kikao kikafanyika kwao. Wanaume walikaa sebuleni, mimi jikoni, na mama mkwe mlangoni akipokea maneno huku na kuyapeleka kule.

"Anauliza, unakwenda kusomea nini?"

Nilijibu kwamba nakwenda kujifunza kunasa vitu kwa mwanga. Mwale wa leza ukikusanywa chini ya darubini, hushika kitu kidogo kama chembe ya hamira ndani ya maji, kikatulia palepale bila kuguswa. Na ili kuupa mwanga umbo, kuugawa na kuusogeza, hupitishwa kwenye kioo chenye fuwele za kimiminika, jamii ya zile zinazoandika namba kwenye saa na kalkuleta. Umeme huzigeuza fuwele, nazo huugeuza mwanga.

Shemeji mmoja akacheka. "Baba anasema hajaelewa," mama mkwe akaniletea.

Nilikuwa nimejiandaa. Siku hizo biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa na soko la Tukuyu lilijaa vitu vya kila namna. Nilikuwa na kalkuleta, na miwani ya jua, ya ile aina inayopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu, niliyoichambua kwenye rundo la mitumba. Nikamwomba mama ampelekee: avae miwani, aizungushe kalkuleta polepole, ataona namba zinamezwa na giza.

"Anasema namba zipo tu."

"Aizungushe, mama!"

"Ameshazungusha."

Nikachungulia. Alikuwa akiipindua juu chini kwa mara moja, akiruka pale katikati penyewe. Mimi ni mwalimu bwana, mwanafunzi akikosea jaribio mikono yangu haingoji ruhusa. Nilijikuta nimeshavuka sebule, nimeishika kalkuleta mikononi mwake na kuisimamisha katikati ya mzunguko. "Hapo, baba!" Machoni mwake kioo chote kikawa cheusi.

Ndipo nikaona nimesimama mbele ya nani.

"Mama yangu! Umefanya nini?" mama mkwe akapiga ukelele. Nilitamani ardhi inimeze. Kosa kama lile huitiwa wazazi, na safari niliona imekufa mikononi mwangu mwenyewe.

Baba mkwe hakuinua uso. Aliizungusha kalkuleta mwenyewe: giza, namba, giza. Kisha akamwambia mkewe, "Kelele za nini? Mimi nimevaa miwani, sioni mtu." Akaizungusha tena. "Mwambie mkwe aende. Mtoto tutalea. Miwani ibaki."

Nikaenda. Chembe yangu ya kwanza iliponaswa, ikatetemeka kidogo kisha ikatulia kwenye mwanga, nililia mpaka mwenzangu wa maabara akadhani leza imenipiga macho.

Nilirudi Masoko wakati wa mvua, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Sijafika nyumbani nikasikia kikohozi. Mazoea ni mazoea, nikaacha njia na kujitanda kanga. Nyayo zikasimama.

"Mkwe," akasema, na hakuwahi kusema nami moja kwa moja kabla ya hapo, "nimevaa miwani. Toka huko, unalowa, na mtoto anakungoja."

Nikatoka. Katika ukungu wote ule, kweli alikuwa ameivaa.

"Ndaga fijo, tata," nikamshukuru kwa lugha yetu, nikimtazama usoni.